Malengelenge miguuni na zimebaki siku 8 nikimbie 21 za Kili, nipasue au niache?

Kijana wa Tabata (Jumamosi jioni)
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Nimejiandikisha kukimbia km 21 kule Moshi, Kili Marathon, Jumapili, sio kesho ile inayofuata. Nimejifua miezi minne, nilianza na km 3 za kuhema mpaka nikafika 16 bila kutembea hata hatua moja. Sasa wiki hii nikaona raba zangu za zamani soli imeisha upande mmoja nikanunua mpya, na leo alfajiri nikazivaa hivyohivyo, nikatoka Coco Beach nikavuka daraja la Tanzanite nikarudi, nikazunguka tena mpaka zikatimia km 18. Kwenye km 9 nikaanza kusikia moto kisigino cha kulia nikasema itapoa, km 14 nachechemea.

Kuvua soksi nyumbani nikakuta lengelenge nyuma ya kisigino kubwa kama sarafu ya mia mbili, limejaa maji, hata ndala haivaliki. Lingine dogo pembeni ya kidole gumba cha kushoto. La tatu liko unyayoni, jekundu, naona kama ndani ni damu. Mke wangu anasema nisiguse, jirani anasema pasua mwagia spiriti ikauke. Nimsikilize nani? Na je nitaweza kukimbia kweli? Tiketi ya basi nimeshakata lakini hela sio kitu, mama yangu yuko Kibosho na amesema atashuka asimame barabarani anione, hajawahi kuniona nakimbia tangu niko shule ya msingi.

Mzee wa Kwata
Pole dogo. JKT tulikuwa tunatembea na buti usiku kucha, asubuhi miguu imeumuka kama maandazi. Dawa yetu ilikuwa sindano na uzi, unapitisha huku unatokezea kule unauacha uzi humohumo ndani maji yanajichuja yenyewe. Na kabla ya safari tunasugua sabuni ya mche kavu ndani ya soksi pale kisiginoni ili ngozi iteleze. Ilitusaidia sana.

Nesi wa Zamu
Pole sana kaka. Shikamoo mzee wangu hapo juu, hiyo ya sabuni ina mantiki kwa sababu inapunguza msuguano, ila ya uzi naomba sana asiifanye. Uzi ukibaki ndani ni njia wazi ya vijidudu kuingia kwenye kidonda, nimeshasafisha miguu ya watu waliofanya hivyo imejaa usaha mpaka kwenye kifundo.

Hayo matatu usiyafanyie kitu kimoja. La kidole, kama dogo na haliumi, liache, maji yatanyonywa yenyewe na ngozi mpya itaota chini. La damu usilitoboe kabisa, likinge tu lisigandamizwe. La kisigino kwa ukubwa huo, na liko mahali ambapo kiatu chochote kitalipasua chenyewe, bora ulitoe maji wewe kwa usafi kuliko lipasukie ndani ya soksi chafu.

Osha mguu kwa sabuni na maji safi, osha mikono, nunua sindano mpya ya bomba famasi iliyofungwa. Toboa pembeni kabisa chini, matundu mawili matatu madogo, sio katikati, halafu bonyeza taratibu kwa gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) mpaka maji yaishe. Ile ngozi ya juu USIITOE, USIIKATE, hiyo ndio bandeji bora kuliko zote duka lolote linalouza. Paka vaselini safi kidogo, weka gozi, funga. Plasta ya gundi usiibandike moja kwa moja juu ya lengelenge maana siku ya kuibandua inaondoka na ngozi yako yote. Badilisha kila siku au ikilowa. Likijaa tena toa tena kwa sindano nyingine mpya.

Spiriti ni ya sindano sio ya kidonda, kidondani inaunguza nyama changa na kupona kunachelewa. Dawa ya meno, majivu, unga wa vidonge vya antibayotiki, vyote acha.

Kijana wa Tabata
Asante sana dada nesi, nimetuma mtu famasi sasa hivi. Sukari sina nilishapima. Nitajuaje kama imeingia uchafu?

Nesi wa Zamu
Vizuri umetaja sukari, mwenye kisukari asijitoboe nyumbani, aje kituoni. Dalili ni maji kugeuka usaha wa njano au kijani, joto na wekundu unaozidi kutanuka, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mtoki, homa. Ukiona hata moja nenda hospitali siku hiyohiyo na mbio zisahau. Na kama hukumbuki chanjo ya mwisho ya pepopunda ulichoma lini, uliza ukiwa huko.

Mpanda Mlima
Mkuu kidonda umeshapewa tiba na mtu anayejua, mimi nataka tuongelee viatu kwa sababu hapo ndipo ugonjwa ulipo, ukitibu ngozi halafu ukarudia viatu vilevile km 5 hufiki. Mimi mkazi wa Moshi hiyo njia naijua. 21 inatoka Chuo cha Ushirika, inapandisha kuelekea Mweka, halafu inageuka kuteremka. Watu wote wanaogopa kupanda lakini miguu inaharibikia kwenye kushuka, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga, kucha zinakuwa nyeusi. Kata kucha siku tatu nne kabla, sio usiku wa mwisho. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na kipime jioni wakati mguu umevimba kidogo, maana kwenye mbio utavimba hivyohivyo. Kisigino kikicheza tumia lile tundu la mwisho kabisa la kamba ambalo watu wengi wanaliacha, pitisha kamba upande uleule ifanye kitanzi, kisha ingiza ncha ya upande wa pili kwenye kitanzi ndio ukaze. Kisigino kinatulia.

Raba mpya acha Dar. Rudi kwenye zile za zamani, soli kuisha upande kwa km 21 utavumilia, mguu wako unazijua.

Wa Kasarani
Pole sana bro. Mimi ni Mkenya, nilikuja hiyo Kili na soksi za pamba, zile nyeupe za shule, nikamaliza miguu imeiva. Pamba inashika jasho, ngozi inakuwa laini kama umekaa kwa maji, hapo ndio inachunika. Tafuta soksi za nailoni ama polista za kukimbia, na usivae mpya siku ya mbio, zivae hata mara mbili kwanza. Kitu ingine, pale kwa vituo watu wanajimwagia maji kichwani yanateremka na miguu mpaka kwa kiatu. Inama mbele ukijimwagia. Hiyo kitu ndogo iliniokoa mwaka uliofuata.

Asilia
Kwa nini msikimbie peku? Bikila wa Ethiopia alichukua dhahabu ya marathoni Roma 1960 bila kiatu.

Mpanda Mlima
Ni kweli, ila Bikila alikuwa amezoea kukimbia peku mazoezini, unyayo ulikuwa na sugu. Huyu ndugu yetu ana wiki moja na lengelenge la damu unyayoni. Tusimpoteze.

Daftari la Mbio
Naongezea la plasta. Daktari mmoja wa Stanford, Grant Lipman, na wenzake walitoa utafiti 2016, walifuatilia wakimbiaji 128 kwenye mbio za km 250 zinazogawanywa kwa siku kadhaa, wakabandika plasta ya karatasi baadhi ya sehemu za mguu kabla ya kuanza, malengelenge yakapungua kwa asilimia 40. Ni ile plasta nyeupe nyembamba ya hospitali, bei yake ndogo. Bandika kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, tabaka moja, bila mikunjo, kona zake zikate ziwe za mviringo zisinyanyuke. Ila hiyo ni kwa ngozi nzima, pale palipochunika weka gozi kwanza. Na la unyayoni, kata sponji au plasta nene utoboe tundu katikati lengelenge likae humo kwenye tundu, uzito ubebwe na pembeni.

Kijana wa Tabata (Jumatano)
Wakuu mrejesho. Kisigino nilitoa maji Jumamosi, Jumapili likajaa nikatoa tena, toka Jumatatu kavu, ngozi imelala. La kidole limeisha. La unyayoni limekuwa jeusi halina maumivu nikibonyeza. Jana nimejaribu km 4 na raba za zamani, plasta na soksi za nailoni, sikusikia moto. Naweza kumeza diklofenaki ya kutuliza maumivu asubuhi ya mbio kwa tahadhari?

Nesi wa Zamu
Hapana kaka. Dawa za jamii hiyo pamoja na ibuprofeni, ukichanganya na jua na kupungukiwa maji, zinaumiza figo. Halafu maumivu ndiyo yanakwambia usimame, usiyazime. Ukianza kuchechemea tembea, ukikimbia upande upande goti na nyonga vinalipa.

Kijana wa Tabata (Jumatatu)
Nimemaliza wakuu. Saa mbili na dakika 31. Wakati wa kushuka nilisikia moto kidogo, nikasimama palepale nikavua kiatu nikakuta plasta imejikunja, nikabandika nyingine niliyoweka mfukoni, dakika mbili tu. Kisigino ngozi haijatoka. Mama alikuwa pembeni ya barabara, aliponiona akaniuliza kwa sauti mguu unaendeleaje, nikamwambia mzima.

Nesi wa Zamu
Hongera sana kaka. Leo osha, acha wazi ipate hewa, vaa ndala. Kukimbia tena subiri mpaka ngozi ya chini isiume ukiisugua na kidole.