Meli ipi ya utalii kutoka Galveston inafaa familia yenye watoto watatu wadogo na bibi yao?

MamaWatatu_Houston aliuliza:

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tunaishi Houston, na tumekubaliana kwamba katika likizo ya shule ya mwezi Machi tutasafiri kwa meli ya utalii kutoka bandari ya Galveston, kwa kuwa ni mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka mjini na hatutalazimika kununua tiketi za ndege za watu sita. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 6, wa pili siku ya safari atakuwa na miaka 3 na mwezi mmoja, na kitinda mimba atakuwa na miezi 10. Huyu wa pili bado anavaa nepi usiku, na hata mchana akizama katika mchezo husahau kusema.

Nimesoma matangazo ya Carnival, Royal Caribbean, Disney na MSC, na yote yanasema kwamba familia zinakaribishwa, jambo ambalo halinisaidii kuchagua. Ninachotaka kujua ni nani hasa atakayewapokea watoto wangu kwa umri wao, na kama sisi tusiokula nyama isiyo halali tutapata chakula cha kutosha.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi kwangu. Mama mkwe wangu, ambaye ametoka Wete kuja kututembelea, tungependa aende nasi. Alipoteza jamaa zake katika ajali ya MV Spice Islander ya Septemba 2011, na tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote cha baharini. Hata Unguja huenda kwa ndege. Hakukataa kwenda, lakini kila jioni huniuliza swali lile lile: je, maji yakiingia, watoto hawa watavishwa nini? Naombeni ushauri wa waliokwishasafiri.

MamaIlham_Dallas alijibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Ushauri wangu ni kwamba usianze na jina la kampuni, anza na nepi, kwa sababu nepi ndiyo itakayoamua kama likizo hii itakuwa yenu nyote au ya mtoto mmoja mmoja kwa zamu.

Sisi tulisafiri na kampuni ambayo sitaitaja, binti yangu akiwa na miaka 3 na miezi miwili. Nilikuwa nimeona kwenye tangazo kwamba klabu ya watoto ni ya kuanzia miaka 3, nikaridhika, nisisome zaidi. Jioni ya kwanza tulipofika mlangoni, mhudumu aliinama akamuuliza kwa upole kama anavaa nepi, na mwenyewe akajibu kwa fahari kwamba anayo, tena ina picha za samaki. Tukarudishwa. Alikuwa amekwisha kuvua viatu, amevishika mkononi, na ndani aliwaona wenzake wameketi wakipaka rangi. Kwa siku tano zilizobaki mimi na mume wangu tulikula chakula cha jioni kwa kupokezana, na yeye kila tulipopita mlango ule alivua viatu tena.

Sasa nikueleze ninavyoujua utaratibu wa kampuni hizi. Royal Caribbean na Disney zina chumba cha malezi cha watoto wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 3, ambacho hulipiwa kwa saa (kwa Royal Caribbean hakipo katika kila meli, kwa hiyo taja jina la meli unapouliza), halafu zina klabu isiyolipiwa ya kuanzia miaka 3, kwa sharti kwamba mtoto awe amekwisha kuacha nepi kabisa, na hata zile za kuvuta kama suruali hazikubaliki. Mtoto wako wa pili ataangukia katikati kabisa: kwa chumba cha malezi amekuwa mkubwa, na kwa klabu bado ni mdogo. Umri wake wa miaka 3 na mwezi mmoja ndio mgumu kuliko wote, na hakuna tangazo litakalokuambia hivyo.

Carnival ndiyo tofauti. Klabu yake, Camp Ocean, hupokea watoto kuanzia miaka 2 hadi 11 bila kudai wawe wameacha nepi. Kundi la wadogo ni la miaka 2 hadi 5, na wahudumu humbadilisha mtoto ilimradi umewapa nepi na vitambaa vya kufutia. Mkubwa wako ataingia katika kundi la miaka 6 hadi 8. Huyu wa miezi 10 hataachwa klabuni bila mzazi isipokuwa katika saa maalumu, ambazo kwa kawaida hulipiwa, lakini mtoto wa umri huo hata hivyo angekaa nawe.

Hata hivyo kuna upande wa pili ambao lazima uujue. Huko huko Carnival, mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia katika bwawa lolote wala kwenye michezo ya maji, hata akivaa nepi ya kuogelea. Sheria ya msingi si ya kampuni bali ya afya ya Marekani: CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, hairuhusu watoto wa nepi katika mabwawa ya kawaida ya meli, ila katika sehemu ya maji iliyotengenezwa na kusafishwa kwa ajili yao tu. Disney wana sehemu hizo, na baadhi ya meli za Royal Caribbean pia. Kwa hiyo chagua kati ya klabu na maji. Mimi, kwa watoto wa umri wa wako, ningechagua klabu, kisha ningewapeleka ufukweni Cozumel, kisiwa cha Mexico, wakaoge baharini, mahali ambapo hakuna wa kuwauliza wamevaa nini.

Ukifanikiwa kumwachisha nepi za mchana kabla ya Machi, yote haya yanabadilika na Royal Caribbean inaingia mezani. Lakini usilipie safari kwa matumaini hayo, dada. Mtoto haachi nepi kwa kufuata kalenda ya meli.

AbuNassir aliandika:

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Usitarajie kwamba nyama ya kawaida ya melini ni halali, hata kama ni ya kuku. Mwambie wakala aandike ombi la chakula halali katika kumbukumbu za safari yenu miezi kadhaa kabla, kisha siku ya kwanza mwone msimamizi wa ukumbi wa chakula ana kwa ana mkayathibitishe. Sisi tulikula samaki, mayai, wali, mboga na matunda kwa siku nyingi, na watoto hawakulalamika hata mara moja. Chagua zamu ya mapema ya chakula cha jioni, kwa sababu ile ya pili huanza wakati ambapo mtoto wa miezi 10 anatakiwa awe amelala.

BabaMapacha_Katy alijibu:

Shemeji, nimeguswa na swali la mama, na nitaanza nalo kabla ya mengine. Mimi ni mtu wa Unguja, na mwaka 2012 ilipozama MV Skagit karibu na Chumbe nilikuwa miongoni mwa waliosimama bandarini kusubiri habari. Kwa hiyo sitamwambia mama kwamba hofu yake haina msingi. Ina msingi, na anastahili kujibiwa kwa mambo anayoweza kuyaona kwa macho yake.

La kwanza, idadi. Spice Islander ilibeba watu wengi kupita uwezo wake. Katika meli hizi kila mtu huhesabiwa kwa jina, na mtoto mchanga ni mtu kamili katika hesabu ya chumba na ya mashua za kuokolea. Ndiyo maana vyumba vingi havizidi watu 4 na ninyi sita mtalazimika kuchukua viwili. Ombeni vyumba vinavyounganishwa kwa mlango wa ndani, mama akae na mkubwa upande mmoja. Chumba cha kawaida kikishajaa, huwezi kumwongeza hata mtoto wa miezi 10, hata ukisema atalala kifuani kwako.

La pili, jaketi za kujiokolea. Zipo za watoto na za wachanga, tofauti na za watu wazima. Mkiingia tu chumbani, mwite mhudumu wenu, mwambieni umri na uzito wa kila mtoto, na mwacheni mama awavishe wajukuu wake mwenyewe, akaze mikanda, aone zinavyokaa. Mama yangu mzazi alifanya hivyo, akamvisha kila mmoja wa mapacha mara mbili, na usiku ule alilala.

La tatu, mazoezi ya dharura. Baada ya ajali ya Costa Concordia kule Italia mwaka 2012, sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu Januari 2015 abiria wapya lazima waelekezwe mahali pa kukusanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Zamani ilikuwa ndani ya saa 24. Kampuni nyingi huwavisha watoto mkanda wa mkononi unaoonyesha kituo chao cha dharura. Nendeni na mama mpaka kituoni kwenu kwa miguu, kwa ngazi na si kwa lifti, na mrudie njia hiyo mara ya pili siku inayofuata.

Sasa hati. Watoto waliozaliwa Marekani, kwa safari inayoanza na kuishia bandari ile ile, wanaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa, lakini ningewachukulia pasipoti, kwa sababu mtoto akiugua Cozumel mkalazimika kurudi kwa ndege, cheti hakitatosha. Ninyi wazazi, kama mna kadi ya kijani ya ukaazi wa Marekani, bebeni kadi yenyewe na pasipoti. Kwa mama, fungua viza yake ya Marekani uangalie sehemu ya idadi ya kuingia: ikiwa pana herufi M, viza inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja mpaka tarehe ya mwisho. Ikiwa ni tarakimu 1, msimlipie chochote kabla hamjazungumza na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu meli ikishafika Mexico atakuwa ameondoka Marekani. Mexico yenyewe haimdai viza mtu mwenye viza halali ya Marekani. Kwa sababu hiyo, kwa safari ya kwanza, chagueni ya usiku 4 au 5 inayogusa Mexico tu.

Safari fupi inamfaa na mchanga wenu pia. Kampuni nyingi hupokea watoto kuanzia miezi 6, ila njia yenye siku 3 au zaidi mfululizo baharini mara nyingi hutaka miezi 12, na wenu hajafika.

Machi kuna ukungu Galveston. Unapotanda, mkondo wa bandari hufungwa na meli husubiri nje kwa saa kadhaa, kwa hiyo msipange mume arudi kazini siku ile ile ya kushuka. Na katika bajeti wekeni bakshishi ya wahudumu, ambayo ni kama dola 16 hadi 19 kwa kila mtu kwa siku, watoto wakiwemo. Carnival huwasamehe walio chini ya miaka 2.

MamaWatatu_Houston aliandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Nimemsomea mama mkwe majibu ya BabaMapacha tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kimya, kisha akaniuliza kama ataruhusiwa kuwavisha watoto jaketi kabla meli haijang'oa nanga. Nilipomwambia ndiyo, alikwenda akaleta pasipoti yake. Sehemu ile ina herufi M.

Tunaelekea kwenye Carnival, usiku 5, vyumba viwili vya katikati ya meli, sakafu za chini, kwa sababu nimesoma kwamba huko meli huyumba kidogo zaidi. Limebaki jambo moja. Mama anataka kubeba unga wake wa uji wa mtama na birika la umeme kwa ajili ya mtoto. Je, watakubali?

MamaIlham_Dallas alijibu:

Birika hapana. Vifaa vya umeme vinavyochemsha vimepigwa marufuku kwa sababu ya moto, na vitachukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo. Chakula cha mtoto hakina tatizo kikiwa katika pakiti isiyofunguliwa, lakini unga wa mtama hautaiva kwa maji ya kumiminia, kwa hiyo mwambie mama achukue safari hii ule uliokwisha kupikwa kiwandani. Bebeni chupa nzuri ya chai. Mimi niliijaza maji ya moto kila siku kabla ya saa nne usiku, kwenye meza ya chai ya ukumbi wa chakula, na mwanangu alipoamka saa tisa maji bado yalikuwa moto wa kutosha kukoroga bakuli moja.

Na nepi bebeni zaidi ya mnazodhani zitatosha. Za melini, zikipatikana, ni chache na ghali, na saizi ya mtoto wako huenda isiwepo.