MJADALA: Mwamba wa pweza ukifungwa, wanawake wawe nusu ya kamati?

Mtoto_wa_Kusini
Assalamu alaykum. Kijijini kwetu, kusini Unguja (jina naliweka kapuni), kamati ya wavuvi ilifunga mwamba wa pweza miezi mitatu. Kufunga sikupingi, pweza anakua upesi na ukimpa nafasi anarudi mzito. Kamati ina watu tisa. Wanawake wawili, mmoja kazi yake kuandika muhtasari. Siku ya kufungua, mama zetu wametoka na mchokoo (fimbo ya kumchokolea pweza pangoni) na ndoo, wakasubiri maji yakupwe, wakatembea. Kufika mwambani, vijana wa miwani ya kuzamia na mikuki wameshashuka na ngarawa tangu alfajiri. Mama yangu mdogo karudi na pweza mmoja, hafiki nusu kilo. Baada ya miezi mitatu! Swali langu: sheria ilazimishe nusu ya kamati iwe wanawake, au tuache kama ilivyo?

Nahodha_Mstaafu
Nusu ya nini? Kamati ni ya wavuvi. Wanawake wanakwenda pwani, wanaokwenda baharini ni wanaume. Mwanamke havui, anachokoa. Tusichanganye.

BintiPaje
"Havui, anachokoa." Subhanallah. Mzee wangu, pweza akishachokolewa anageuka karafuu?

Kombe_Kavu
Karafuu! Nimecheka mpaka abiria wa daladala wamenigeukia.

Nahodha_Mstaafu
Cheka, mwanangu. Mvuvi ana chombo. Nionyeshe usajili wa mchokoo.

BintiPaje
Basi hapo ndipo penyewe. Mkihesabu wavuvi mnahesabu vyombo, mwenye ndoo hahesabiwi hata kama ameanza kwenda pwani akiwa mgongoni kwa mamake. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wenyewe wameandika kwamba kwenye uvuvi mdogo duniani, wanne katika kila kumi ni wanawake, kama sikosei wakijumlishwa na wakaangaji na wachuuzi. Hao wote wanachokoa karafuu?

Mwanamji77
Mie nasema tatizo lilianza na mwani. Tangu ulipoletwa 1995 wanawake wa kule wamekamata pesa, wakapata kiburi, ndoa zikavunjika. Sasa wanataka na kamati.

BintiPaje
Kwanza ni 1989, na ulianzia kwetu, Paje na Jambiani. Mbegu zilitoka Ufilipino. Pili, hicho kiburi ni kipi, cha spinosum au cha cottonii, aina zetu mbili za mwani? Maana cottonii ndiyo yenye bei, na maji yalipoanza kupata joto ikawa inapauka na kukatika kambani. Tumebaki na spinosum, gunia zima pesa ya vocha. Kiburi kimeshachukuliwa na mawimbi, usiwe na wasiwasi.

Mwanamji77
Sijasema wote.

BintiPaje
Nyumba aliyonizalia mama imeezekwa kwa pesa ya mwani. Baba alikuwepo, na mabati alisaidia kuyashusha garini.

Kombe_Kavu
Uwiii. Mwanamji, toka taratibu, pitia mlango wa uani.

Lamu_Kisiwani
Ndugu zetu, huku Kenya tulimaliza zamani. Katiba ya 2010: jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Igeni tu.

Nahodha_Mstaafu
Na Bunge lenu limeifikia hiyo theluthi? Si Jaji Mkuu wenu Maraga alimwandikia Rais mwaka 2020 alivunje kwa sababu hiyo hiyo? Lilivunjwa?

Lamu_Kisiwani
Hilo ni jambo lingine bwana. Tulikuwa tunaongea pweza.

Kombe_Kavu
Mzee kavua bila chombo.

Samaki_Si_Ndoto
Mimi si wa Zanzibar ila nimefuatilia. Kufunga mwamba wa pweza hivi kulipata jina kule Andavadoaka, Madagaska, 2004. Mavuno ya siku ya kufungua ni makubwa, lakini siku za mwanzo mwamba unajaa watu mpaka wa vijiji vya mbali. Kwa hiyo tatizo la mleta mada ni la utaratibu wa siku ya kufungua. Wangeacha siku mbili za kwanza za bamvua, maji yanapokupwa sana, ziwe za watembea kwa miguu, miwani marufuku. Kamati ya wanaume watupu inaweza kupitisha hilo, na ya wanawake watupu inaweza kushindwa.

BintiPaje
Inaweza. Mbona haijapitisha?

Mwanamji77
Halafu mjue pweza jike akitaga haondoki pangoni, anayalinda mayai bila kula mpaka anakufa. Maumbile yenyewe yameshagawa kazi.

BintiPaje
Na dume baada ya hapo naye hufa muda si mrefu. Hiyo umeiruka kwa makusudi.

Nahodha_Mstaafu
Naona nimeeleweka vibaya. Marehemu mama yangu amenisomesha kwa pweza. Anatoka na maji, anarudi na maji, magoti yameliwa na chumvi, anampigapiga pweza juu ya jiwe mpaka alainike ndipo anaingia jikoni. Siwezi kumdharau. Nilichosema ni maneno yana maana yake.

BintiPaje
Mungu amrehemu. Alikuwa anakwenda pwani au baharini?

Nahodha_Mstaafu
Pwani. Ndivyo tulivyosema.

BintiPaje
Na ada ya shule ilitoka wapi?

Kombe_Kavu
...

Mtoto_wa_Kusini
Jamani, mimi nimeuliza kamati. Tumefika Madagaska, tumepita Nairobi, tumezika pweza dume. Na jambo nililisahau: vikao vinakaa barazani kwa sheha baada ya isha. Yule mwanamke wa pili, asiyeandika muhtasari, ana watoto wanne na mume yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Kahudhuria vikao viwili tangu achaguliwe, wanasema "tuliwapa nafasi hawaji". Hata wakiwa nusu, kwa saa ile watakuja?

Nahodha_Mstaafu
Asubuhi wavuvi wako majini, kikao utakiweka saa ngapi?

Mtoto_wa_Kusini
Maji mafu, yasiyokupwa sana. Siku za maji mafu nani anakwenda mwambani? Hata ndoo zinalala.

Nahodha_Mstaafu
Hmm. Maji mafu inawezekana.

Hoteli_Supply_ZNZ
Samahani, mwamba wenu unafungwa tena lini na kufunguliwa lini? Nahitaji kilo 60 za pweza, wa miwani au wa ndoo, mimi sibagui.