Jenereta ya wati 250 yatosha ndege ya kujiundia?

Muulizaji (Lang'ata): Habari zenu wakuu. Ninaunda ndege ya viti viwili, na nia yangu ni kuirusha kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi. Injini ni Rotax 912 ya nguvu za farasi 80, ambayo jenereta yake ya ndani hutoa takribani wati 250, yaani ampea 18 hivi kwa volti 14. Hesabu yangu ya ampea ni hii: redio inaporusha sauti 2, transponda (kifaa kinachojibu rada) 1, taa za kumeta 3, skrini 2, chaja ya simu 2, pampu ya ziada ya mafuta 2, taa ya kutua 3. Jumla ni 15. Je, niongeze alteneta ya nje (jenereta ya pili inayoendeshwa na injini) ya ampea 40?

Fundi wa umeme: Mkuu, umejumlisha vyote kana kwamba huwaka pamoja safari nzima. Pampu ya ziada ni ya kupaa na kutua, kwa kuwa injini ina pampu yake, na redio inaposikiliza tu hula kama nusu ampea. Ukiondoa pampu na taa ya kutua, mzigo wa kudumu ni ampea 8.5. Mimi sipendi mzigo huo uvuke asilimia 80 ya uwezo, yaani 14.4 kwako, kwa hiyo una nafasi ya kutosha. Wengi huhofia kwamba kuwasha injini hukausha betri, lakini hata ampea 100 kwa sekunde 10 ni chini ya 0.3 ya ampea-saa (ampea moja kwa saa moja), kiasi kinachorudi upesi. Alteneta ya nje ina uzito wa kilo 3 hivi, nao utaubeba kila unaporuka.

Rubani wa Wilson: Nakubaliana naye, ila ampea hizo 18 hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Asubuhi, ukiwa kwenye foleni nyuma ya ndege za Maasai Mara huku injini ikizunguka polepole, jenereta hutoa kidogo sana, na betri ndiyo inayolisha vifaa. Taa ya kutua iwashe ukikaribia kuingia njia ya kurukia. Pia kiweke kidhibiti cha volti penye upepo, kwani hakitakiwi kuvuka nyuzi 80 za Selsiasi, na hewa ya Wilson, takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, hivyo hupoza kwa udhaifu kuliko ya Mombasa.

Muulizaji: Asanteni sana. Na jenereta ikifa angani?

Fundi wa umeme: Injini haitazimika, maana mfumo wake wa cheche una koili zake zenyewe. Zima taa na chaja, ubaki na redio, transponda na skrini, yaani ampea 3.5. Betri ya ampea-saa 12, hata ukiitegemea nusu tu kwa sababu ya uzee, itakupa zaidi ya saa moja na nusu. Hata hivyo ni lazima ujue mapema, kwa hiyo funga voltimita pamoja na taa ya onyo mahali macho yako yanapopita kila mara. Kabla ya kufunga chochote, pima kila kifaa kwa ampemita, kwa sababu namba za kwenye maboksi mara nyingi hutofautiana na za kwenye waya.