Bomba la nje linavujisha maji chini ya nyumba ya trela, naomba ushauri

MchichaMwingi
Habari za jioni wakuu. Niko Iowa, naishi kwenye nyumba ya trela ya mwaka 1992 niliyoinunua mkononi mwa mtu. Kiwanja nakodi, nyumba ni yangu, kwa hiyo kinachoharibika ni juu yangu.

Nje, upande wa jikoni, kuna bomba la kumwagilia. Jumamosi nililifungua nimwagilie matuta ya mchicha, mara ya kwanza tangu baridi iishe. Maji yakawa yanachuruzika pale kwenye shina la kishikio. Nikasema hiyo ni washa tu imechakaa. Baada ya dakika kama kumi watoto wakaniita: maji yanatoka chini ya nyumba, yanapita kwenye zile plastiki nyeupe zilizozungushiwa. Nikafunga, yakapungua hadi yakakata. Jana nimefungua tena, yametokea palepale. Likifungwa, hakuna hata tone.

Fundi niliyempigia anataka alipwe kwanza kwa kuja kuangalia tu. Mume wangu yuko safarini na lori hadi wiki ijayo. Hii ni kazi ya kubadili washa mwenyewe, au kuna kubwa zaidi? Naogopa sakafu isije ikaoza.

Koki_ya_Tandika
Pole sana dada. Kwanza niambie: mpira wa kumwagilia ulibaki umefungwa kwenye bomba msimu wote wa baridi?

MchichaMwingi
Ndiyo kaka, tangu Oktoba. Nilifunga bomba nikajua nimemaliza.

Koki_ya_Tandika
Basi washa iache. Nadhani hilo ni lile bomba refu la kuzuia kuganda. Lifunge bila mpira: likiendelea kumwaga kidogo kwa sekunde chache ndipo likate, ndilo lenyewe. Unapozungusha kishikio, maji hayakatiwi hapo unapoona. Yanakatiwa mwisho wa mrija, sentimita 15 hadi 30 kwa ndani, ambako kuna joto. Yanayobaki ndani ya mrija yanatakiwa yamwagike nje yote. Mpira ukibaki umefungwa hayana pa kutokea, yanaganda, yanatanuka, yanapasua mrija ukutani. Ufa unakuwa mbele ya pale yanapokatiwa. Ndiyo maana likifungwa pakavu, likifunguliwa panalowa.

Mrija uliopasuka hauna dawa, unabadilishwa bomba zima. Lichomoe kwanza ulipime urefu, kisha ununue la urefu uleule. Ukilifunga jipya, liinamie nje kidogo sana, vinginevyo maji yatatuama ndani na mwakani utarudi hapahapa. Na unapofungua nati tumia spana mbili, moja ishike bomba la ndani lisizunguke. Wengi wanavunjia hapo.

BinLikoni
Dada, kaka hapo juu amesema kweli, lakini mimi ningeanza na tumbo la nyumba kabla ya huo mfereji. Niko Texas. Ile baridi ya Februari 2021 ilipasua mfereji wangu wa nje, nikabadilisha mwenyewe, nikashukuru Mungu. Miezi miwili baadaye ubao wa sakafu karibu na sinki ukawa unabonyea chini ya mguu.

Nyumba hizi chini zina plastiki nyeusi iliyobeba ile sufi ya njano ya kuzuia baridi, na mabomba yanapita humo humo. Maji yakivujia ndani hayaanguki yote chini, yanakaa juu ya plastiki. Yangu ilikuwa imetuna kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Nilipoitoboa yalimwagika maji meusi yenye harufu, na sufi ikaja nayo, nzito kama nguo iliyotoka kwenye beseni.

Kwa hivyo toa kipande cha plastiki nyeupe (kibonyeze katikati kipinde, kitachomoka kwenye reli ya juu), mulika na tochi. Ukiona imetuna, weka ndoo, kata mpasuko mdogo pale palipo chini zaidi. Sufi iliyolowa itoe yote, usiisubiri ikauke, haikauki humo. Paache wazi siku kadhaa na feni ipulize, ndipo uweke sufi mpya na uzibe kwa tepe ya kazi hiyo.

Tafadhali sana: chini huko mara nyingi kuna waya wa umeme wa kupasha bomba joto. Zima umeme wake kwenye swichi kuu kabla hujatambaa kwenye maji, na usiende peke yako.

MamaKivu
Mama, pole. Mimi niko Louisville, nyumba yetu ni ya miaka hiyo hiyo. Ukifika kwenye robine, angalia rangi ya bomba linaloileta maji. Kama ni la kijivu na limeandikwa PB2110, ni plastiki ya zamani, iliwekwa kwenye nyumba nyingi toka 1978 mpaka 1995. Klorini ya maji inalila polepole kutoka ndani. Usilipinde, usilivute. Dukani usiseme tu "kiungo cha plastiki". Waambie unaunga bomba la PB, hilo la kijivu, na la PEX, plastiki ya siku hizi, wakupe kiungo chake. Sisi tulifunga cha PEX kitupu, kikashika siku tatu.

MchichaMwingi
Asanteni sana, mmenifaa. Leo nimeingia chini na jirani yangu, umeme tumezima, maji tumefunga kwenye valvu kuu. Bomba ni la kijivu kweli mama, maandishi yapo. Plastiki ilikuwa imetuna, tumejaza ndoo mbili na nusu. Mrija una ufa wa urefu wa kidole gumba, kingo zimejitokeza nje kama mdomo.

Ubao wa sakafu nimeuchoma na bisibisi, bado mgumu, isipokuwa pembeni ya ukuta sehemu ya kiganja hivi inabonyea. Hiyo inahitaji kukatwa?

BinLikoni
Usikate sasa. Feni iendelee, kisha uchome tena baada ya wiki. Ikibaki inabonyea ndipo ukate hapo tu, na upime kama mbao ya ukingoni inayobeba ukuta ni nzima. Hiyo ikiwa laini, hapo mwite fundi.

MchichaMwingi
Sawa kaka. Kiungo cha PB nimekipata duka la tatu. Kesho asubuhi nafunga bomba jipya, na tumbo naliacha wazi mpaka mume wangu arudi.