Kampasi ya mjini Mombasa: tupande juu Tudor, tukodi ghorofa, au tuvuke ng'ambo?

Mchoraji wa Tudor

Assalaam aleikum, wanajamvi. Naomba tulinganishe njia tatu za kupanua chuo kikuu kilichomo mjini, kwa sababu mjadala huu hapa Mombasa huendeshwa kwa hamaki kuliko kwa hoja. Njia ya kwanza ni kubaki kwenye kiwanja cha zamani na kujenga kwenda juu, kama Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi na leo kina jengo la ghorofa 22 kando ya katikati ya jiji. Njia ya pili ni kukodi ghorofa katika majengo ya biashara. Ya tatu ni kuhama kabisa (hapa kwetu, kuvuka maji kutoka kisiwani kwenda ng'ambo), kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kisha mwaka 1964 kikahamia Mlimani, nje ya katikati ya jiji.

Mfano wetu wa karibu ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianza kama taasisi ya elimu ya Kiislamu, ambayo wazee bado huiita MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Kikafanywa chuo cha ufundi cha watu wote mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, chuo kishiriki mwaka 2007 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Majina yote hayo yamepita na kiwanja kimebaki kile kile cha Tudor, hapa kisiwani. Je, kiendelee hapo hapo?

Msimamizi Mstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimesimamia ujenzi pwani hii kwa muda mrefu, na shaka yangu ya kwanza ni huo mfano wa Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mtu akifungua dirisha saa nane mchana anapata hewa ya kuvumilika. Ukilichukua jengo kama lile ukalisimamisha Tudor, umejifunga kwenye viyoyozi maisha yako yote, na siku umeme ukikatika darasa la ghorofa ya kumi linageuka tanuri.

Waliojenga majengo ya kale ya mji huu walijua jua linapita utosini, kwa hiyo kinachookoa chumba ni kivuli na upepo. Jengo refu linafaa lielekeze mbavu zake kaskazini na kusini, na zile pande fupi za mashariki na magharibi ziachwe bila madirisha makubwa. Likikaa hivyo, upepo wa Kusi hulipata kutoka kusini-mashariki na upepo wa Kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, zote mbili kwa mshazari, na hewa hupita chumbani mwaka mzima iwapo chumba hakikuzibwa upande wa pili na ujia wa ndani. Ndiyo maana ya baraza pana na matao: ni ujia uliowekwa nje. Siku hizi wachoraji wanaweka ujia katikati, madarasa huku na huku, kisha wanashangaa kwamba hakuna upepo.

Jambo la pili ni chumvi. Tazama nguzo yoyote ya zege iliyojengwa kwa haraka karibu na maji: kwanza unaona ufa mwembamba ulionyooka wima, halafu doa la rangi ya chai, halafu zege linabanduka na nondo inaonekana imevimba kwa kutu. Chanzo chake kwa kawaida ni kwamba nondo ilifunikwa kwa zege jembamba mno, au mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi. Kwenye ghorofa tatu kasoro hiyo hurekebishika. Kwenye ghorofa ishirini, mkandarasi akishaondoka, ni msiba.

Kwa hiyo mimi nasema tubaki Tudor, lakini tusizidi ghorofa nne au tano, ambazo kijana anazipanda kwa miguu.

Mwanafunzi wa Jioni

Shikamoo, mzee. Kuhusu kukodi, nitasema machache. Nilisoma katika tawi la chuo kimoja, ghorofa ya juu ya maduka, na mwalimu alilazimika kunyamaza kila makondakta walipoanza kuitana chini. Maabara haikuwepo. Njia hii ilistawi wakati wanafunzi wa kujilipia walikuwa wengi. Baada ya mwaka 2016 idadi ya waliopata alama za kujiunga na vyuo vikuu ilishuka, serikali ikawapanga karibu wote yenyewe, na matawi mengi yakakosa pesa za kodi. Ubora wake ni mmoja: mtu aliyetoka kazini alifika darasani kwa dakika chache.

Mama wa Likoni

Mwanafunzi amegusa hoja ambayo wanaotaka kuhama huiruka. Kisiwa ndicho kinachokutanisha Likoni ya kusini, Nyali na Kisauni za kaskazini na Changamwe ya magharibi. Ukikipeleka chuo upande wa Mtwapa, binti yangu atavuka feri, akate kisiwa kizima, kisha apande gari jingine daraja la Nyali. Ukikileta upande wetu, atakayeteseka ni mtoto wa Kisauni. Zaidi ya hayo, ardhi ya ng'ambo si tupu kama inavyoonekana kutoka barabarani. Migogoro ya umiliki iliyotokana na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 bado inaishi, na chuo kikipewa shamba lenye wakaazi kitaanza maisha yake mahakamani.

Hata Mlimani, penye nafasi yote ile, ilibidi mabweni ya kulaza wanafunzi 3,840 yafunguliwe mwaka 2017. Kuhama hakukuondoa gharama ya malazi.

Mchoraji wa Tudor

Nawashukuru. Ninaona kukodi kunafaa kwa masomo ya jioni pekee. Ila mzee, ghorofa tano zitatosha vipi karakana, maktaba na mabweni kwa pamoja?

Msimamizi Mstaafu

Hazitatosha, na mabweni ndiyo ningeyatoa. Karakana zikae chini kwa sababu ya uzito na mtikisiko wa mitambo, maktaba ghorofa za juu penye upepo, na malazi ng'ambo penye ardhi isiyo na mgogoro. Lakini kabla ya yote hesabu maji. Visima vya kisiwani vina chumvi, maji ya mfereji huja kwa zamu, na bweni linalotegemea maboza linakula karo za wanafunzi.

Mama wa Likoni

Mabweni ng'ambo sikubali, Bwana Msimamizi, mpaka uniambie wataletwa darasani na gari la nani.