Baba aliacha orodha ya nyimbo za mazishi yake, kamati ikamwachia kijana wa spika achague. Nina hasira!

Wakuu, tumemzika baba hapa Morogoro wiki tatu zilizopita, na mpaka leo nikifumba macho nasikia ile sauti. Si sauti ya baba. Ni ya kwenye spika, ile inayotaja jina la DJ katikati ya wimbo. Ilitaja jina mara mbili wakati tunaaga mwili, mama yangu kainamia jeneza, anamshika mumewe uso kwa mara ya mwisho.

Baba aliimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu wa KKKT zaidi ya miaka thelathini. Solfa, ile namna ya kuandika sauti za wimbo kwa herufi, alifundishwa ubaoni na wazee waliomtangulia, naye akaja kuwafundisha wengine. Nyumbani bado tuna makaratasi yake, zile d, m, s zimepangwa mistari minne kwa kalamu ya bluu, soprano juu, besi chini. Mtu wa namna hiyo hawezi kufa bila kufikiria ataimbiwa nini. Alipoona maradhi yamemzidi aliniita, akanipa daftari. Ukurasa mmoja tu. Nyimbo tatu za ibadani kutoka kitabu cha kanisa, na jina la mzee wa kuanzisha kila mmoja. Wimbo mmoja wa makaburini, wakati wa kufukia, na pembeni kaandika "bila kinanda". Chini kabisa: jioni, watu wakisharudi na kula, nipigieni Mbaraka.

Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi. Baba alikuwa kijana mji huuhuu enzi za bendi yake, Morogoro Jazz. Alikuwa akitusimulia Januari 1979, habari zilipofika kwamba Mbaraka amekufa kwa ajali ya gari huko Kenya, jinsi alivyolia kama kafiwa na kaka wa tumbo moja. Alijua fika dansi haliingii kanisani, ndiyo maana akaliweka nyumbani, jioni, baada ya kila kitu. Alipanga kwa adabu zote, hakumkosea mtu.

Ukurasa ule niliusoma kwenye kikao siku ya pili ya msiba. Mwenyekiti wa kamati akaitikia. Baba mkubwa akaitikia. Kesho yake naona kwenye bajeti "muziki 300,000", na kijana anashusha spika nne kutoka kwenye kirikuu. Nauliza nani kamwita, naambiwa msiba bila muziki utaonekana umepooza, wageni wametoka Dar.

Umepooza! Msiba!

Wimbo wa kwanza aliopiga ni wa mtoto anayemlilia mama yake aliyefariki. Mama yangu yu hai. Kakaa ndani kwenye mkeka, anausikia kila neno, na wamama waliomzunguka wanatazamana. Nikatoka nikamfuata kijana, akaniambia flashi yake ina nyimbo za msiba tu, zote ni zilezile. Sikumpiga, lakini Mungu ndiye anayejua nilivyojizuia. Na kusema kweli yule kijana simlaumu sana. Yeye kaitwa kazini, hakuna aliyempa orodha. Namlaumu aliyeiona orodha akaiweka mfukoni.

Kanisani palipona kidogo, mchungaji alikataa spika zisiingie. Lakini MC alishaanza kuhesabu dakika, salamu za makundi zikala muda, nyimbo tatu za baba zikabaki moja.

Makaburini ndipo waliponimaliza. Wazee wanne wa kwaya, wenzake baba, mmoja anatembelea fimbo, walisogea kando ya kaburi. Chepe la kwanza likashuka, wakaanza. Sauti nne, vile alivyotaka, bila kinanda. Beti moja na nusu. MC akaita kundi la kuweka mashada, wakati udongo haujafika hata nusu, na kijana akawasha spika juu ya kirikuu. Nilimwona mzee wa sauti ya tena (tenor) mdomo wake unafunguka na kufunga, sauti haifiki hata kwangu niliyesimama hatua tano. Wakatazamana, wakanyamaza, wakarudi nyuma. Hakuna aliyewaomba radhi. Nilikwenda mimi jioni, nyumba kwa nyumba.

Upande wa mama ni Waislamu wa Bagamoyo. Mjomba alipofariki tulikwenda wote. Jeneza lilipokezanwa mabegani kwa tahlili mpaka makaburini, kisha dua, basi. Mchanga ulisikika unavyoanguka. Hakuna aliyesema pale kwamba msiba umepooza.

Msije mkanijibu kwamba spika zinasaidia umati usikie. Kipaza sauti cha mchungaji sikikatai, cha kusomea wasifu wa marehemu sikikatai. Nakataa mtu asiyemjua marehemu kuchagua wafiwa wasikie nini, kwa sauti ambayo hata pole huwezi kupeana mpaka umpelekee mtu mdomo sikioni.

Na jioni, nilipotaka kumpigia baba Mbaraka wake, kwa redio ndogo ya mezani, shangazi mmoja wa kamati akaizima. Nyimbo za kidunia, anasema, hazifai msibani. Mchana kutwa tumetandikwa midundo iliyotikisa maturubai, hiyo ikafaa. Gitaa la Mbaraka kwa sauti ya chini, kwa maandishi ya marehemu mwenyewe, likawa dhambi.

Watu wanasema nisahau, yameshapita. Hayapiti. Wimbo ukishaingia kwenye msiba unabaki humo. Kwaya zilizopigwa redioni Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, tuliokuwa na akili wakati ule tukizisikia leo tunanyamaza. Sasa mimi nimefungiwa baba yangu kwenye wimbo wa flashi. Juzi umepigwa kwenye daladala, nimeshuka kabla ya Msamvu nikamalizia kwa miguu.

Arobaini inakuja. Jana nimeona bajeti yao, "muziki" umo tena, na ni kijana yuleyule. Nimemwambia mwenyekiti mbele ya baba mkubwa: daftari litasomwa upya, wale wazee wanne wataimba nyimbo zote nne mpaka beti ya mwisho, na jioni Mbaraka atalia. Kirikuu ile ikiingia uwanjani, nyaya nazichomoa mwenyewe, na ile 300,000 nitairudisha kwenye mfuko wa kamati kwa hela yangu.

Mliowahi kuwabana kamati zikafuata wosia wa marehemu kuhusu nyimbo, mlifanyaje? Mliandikishana? Mlipitia kwa mchungaji? Nisaidieni, siku zimebaki chache.