Nishani ya mjomba kutoka Monaco: niandikeje kwenye programu ya mazishi?

NyarNjoro: Hamjambo wadau. Jumamosi tunamzika mjomba hapa Njoro, na programu nimeachiwa mimi. Marehemu alikuwa mpishi Monaco miaka mingi. Jana, chini kabisa ya sanduku lake la bati, tumekuta nishani imefungwa ndani ya soksi: msalaba mweupe wenye ncha nane na kingo nyekundu, majani ya kijani nyuma yake, na herufi C mbili zilizopishana katikati. Utepe una mistari myekundu na myeupe. Hakuwahi kututajia! Binamu anataka tuandike “Sir”. Shangazi anasema tutie herufi baada ya jina, kama OGW, ile nishani ya taifa hapa Kenya. Mchapishaji wa mjini anataka kazi kesho saa nne. Naomba mwenye kujua.

Mwalimu_Milimani (Kisumu): Pole sana dada. Hiyo ni Nishani ya Saint-Charles. Aliianzisha Mwanamfalme Charles III mwaka 1858, na zile C ni za jina lake. Ina madaraja matano: juu kabisa Grand-Croix, kisha Grand Officier, Commandeur, Officier, na Chevalier. Daraja utalijua kwa namna inavyovaliwa. Commandeur huning'iniza shingoni. Officier na Chevalier huvaa kifuani, ila utepe wa Officier una kifundo cha duara kama ua. Hebu utazame tena.

“Sir” msiandike. Hiyo ni heshima ya Waingereza. Chevalier wa Monaco habadilishiwi jina. Wala msimtungie herufi. Kwetu MBS au OGW hufuata jina, kule daraja huandikwa kwa ukamilifu.

NyarNjoro: Nimeitoa sasa hivi nikaiweka juu ya meza. Utepe ni bapa, hauna ua. Pini imeshika kutu kidogo.

Mwalimu_Milimani (Kisumu): Basi ni Chevalier. Kama mna muda, tafuteni jina lake katika Journal de Monaco, ndilo gazeti lao rasmi. Wanaotunukiwa huchapishwa humo, na wengi hutunukiwa karibu na Siku ya Taifa, 19 Novemba. Mkipata tarehe, itieni kwenye wasifu.

Kijana_Keringet: Poleni nyote. Monaco ndiko dada yetu Faith Kipyegon alikovunja rekodi ya dunia ya maili, Julai 2023, 4:07.64. Mjomba aliiona?

NyarNjoro: Aliiona, tena tulikuwa naye sebuleni. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alisimama akashika mgongo wa kiti, na Faith alipomaliza machozi yalimtoka. Kisha akatueleza kuwa chini ya uwanja ule kuna maegesho ya magari, na kwamba alipita hapo kila asubuhi akienda kazini. Alizungumza usiku ule kuliko mwaka mzima. Nishani ilikuwa chumba cha pili, na bado hakuitaja.

Nimeshaandika: “Chevalier, Nishani ya Saint-Charles, Monaco”, mstari wake peke yake chini ya jina. Shangazi amekubali. Amekuja na kitambaa laini na sasa anaifuta ile pini, maana anataka tuiweke juu ya jeneza wakati wa ibada. Mwalimu, asante sana. Narudi kulitafuta jina lake kwenye gazeti lile.